Ng'ombe Yuko Wapi?

Taarifa yangu ya kwanza kwa vyombo vya habari
ilikuwa na kurasa tatu na mihuri miwili,
wa pili kwa sababu wa kwanza ulififia.
Ilianza: "Tunayo furaha isiyo kifani
kuchukua fursa hii adhimu,"
na fursa ikachukuliwa, ikachukuliwa,
hadi chini kabisa, mheshimiwa baada ya mheshimiwa,
kila mmoja na cheo chake kama mwavuli,
maana Tukuyu hapa mvua haitoi taarifa.

Nikaituma Ijumaa, saa kumi alasiri.
Kimya.
Nikaituma tena.
Kimya kikanijibu kwa herufi kubwa.

Jumatatu ya tatu nikaupita ukungu wa Isongole,
bahasha kifuani, mpaka Mbeya, redioni.
Bi Ambwene Kasyupa, mhariri wa zamu,
aliisoma amesimama, chai mkononi,
akafunua, akafunua, akauliza:
"Ng'ombe yuko wapi?"
Nikamwonyesha: ukurasa wa pili, aya ya nne.
"Amechelewa," akasema. "Msikilizaji ameshaenda kuepua ugali."

Kisha kwa kalamu nyekundu, bila huruma, bila hasira,
akaikata furaha isiyo kifani. Akaikata fursa.
Akawakata waheshimiwa tisa, akabakiza mmoja:
"Huyu ndiye aliyewavutia umeme? Basi akae, ila nyuma."
Akanirudishia karatasi inavuja wino.
"Jirani yuko ng'ambo, Kiwira imejaa, inanguruma.
Utapaza sauti mara moja tu. Utasema nini?
Huo ndio mstari wako wa kwanza."

Usiku ule, Masoko, kwa taa ya simu,
nikasimama ukingoni mara kumi na moja.
"Ushirika umezindua..." Hapana.
"Tangi la kisasa la kupozea, lenye ujazo wa..." Hapana.
"Wafugaji mia na kumi na wawili
hawamwagi tena maziwa ya jioni."

Nikakaa.
Nje mvua ilinyesha kama kawaida yake, bila aya.

Asubuhi nikaenda kwa Bibi Tusubilege kutafuta nukuu.
Kusema kweli nilikuwa nimeshamtungia:
"Mradi huu utaleta tija na kuinua uchumi wa kaya."
Nikamsomea. Akatazama nyuma yake
kuona ni nani aliyesema.
Halafu, akikamua, bila kugeuka:
"Maziwa ya jioni nilikuwa naimwagia migomba.
Migomba ikanenepa.
Wanangu wakaenda shule pekupeku."

Mwenyekiti akasema hiyo ya migomba ni aibu, iondoke.
Akauliza pia jina lake limekwenda wapi.
Lipo, nikamwambia, mstari wa tano, baada ya bei ya lita.
Akavaa kofia. Hakuaga.

Nikaituma Jumanne, saa moja na nusu asubuhi,
kabla hawajakaa kugawana kazi za siku:
nusu ukurasa, namba yangu chini.
Saa tatu nikapanda kichuguuni, penye mtandao, nikapiga,
si kuuliza kama wameipata,
bali kusema bibi yupo, anakamua saa kumi,
njooni na kinasa sauti, na viatu vya matope.

Wakaja wawili, mmoja na viatu vya matope.

Ikasomwa usiku, sekunde arobaini.
Mwenyekiti hakutajwa.
Masoko, kijiji chetu, yakasomwa kama masoko ya nyanya.
Bibi hakusikia kitu; betri zake zilikuwa kwenye tochi.
Nikamsomea kwenye karatasi, polepole.
"Kwani hiyo ni habari?" akasema.
"Si nilikuwa naongea tu."

Kesho yake namba yangu ikaita kabla ya jogoo.
Mwanamume, kutoka Vwawa. Maziwa hakuyataka.
Alitaka machipukizi ya ile migomba.

"Subiri," nikamwambia,
nikipapasa gizani,
"nichukue kalamu."